Kasiba ya Kiwanda, Kitako cha Fundi Wetu: Maneno Machache juu ya Bunduki ya Risasi Moja



Katika karatasi hizi tumezoea kunena habari za mbegu, samadi, matuta na wadudu wa pamba. Leo nataka kunena habari ya bunduki, nayo si habari ya mbali na shamba. Mkulima wa ukingo wa Ziwa, huku Nyakato na Ilemela, hata Magu na Sengerema, hupanda mpunga na viazi kwa jasho lake. Kisha usiku mmoja kiboko hutoka majini, akala na kukanyaga kazi ya miezi minne. Penye mawe na vilima nyani na ngedere hungoja mahindi yakomae, na nguruwe mwitu hufukua mihogo. Mtu aliyepatwa na hasara hiyo huanza kutafuta bunduki. Na kwa kuwa bunduki ya dukani ni ghali, mara husikia habari za fundi fulani atengenezaye gobore kwa bei nafuu. Hapo ndipo ninapomwomba asimame kidogo anisikilize.

Rai yangu ni hii. Bunduki ya risasi moja ni chombo kizuri kwa mkulima mwenye kibali, na mafundi wetu wanaweza kuifanya iwe nzuri zaidi. Lakini kazi yao iwe katika mbao, wala isiwe katika chuma. Kasiba, yaani mtutu, pamoja na mtambo wake, vitoke katika kiwanda kilichovijaribu kwa baruti. Kitako na kichongwe na seremala wetu kwa kipimo cha mwili wa mwenye bunduki. Anayegeuza mpango huo anahatarisha macho yake na mikono yake.

Tutazame kwanza kasiba. Baruti ikiwaka hugeuka hewa ya moto kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na hewa hiyo husukuma pande zote, si mbele peke yake. Gurudumu la motokaa hubeba hewa yenye nguvu ya ratili kama 30 kwa kila inchi mraba. Risasi ya bunduki ya .303, iliyotumiwa na majeshi ya Kiingereza katika vita mbili kuu, huweza kupita ratili 45,000 kwa inchi mraba ile ile. Baruti nyeusi ya gobore haifiki huko, lakini nayo huhesabiwa kwa maelfu. Na mtu akitia kipimo kwa kubahatisha, au risasi ikakwama njiani, nguvu huzidi tena.

Sasa fikiri juu ya bomba la maji, au bomba lililotolewa katika usukani wa motokaa bovu. Bomba la maji lilifanywa libebe maji. Mabomba mengi ya namna hiyo ni bamba la chuma lililokunjwa na kuungwa, nao mshono wake waenda toka mwanzo hata mwisho. Hapo ndipo linapopasuka. Tena halipasuki lazima siku ya kwanza. Huvumilia mara moja, huvumilia mara kumi, na mwenyewe hulisifu kwa jirani zake. Kumbe kila mara ufa usioonekana kwa macho unaongezeka. Siku lipasukapo, mkono wa kushoto uko chini yake na uso uko nyuma yake.

Viwanda vyenye sifa havikubali kubahatisha. Mafundi wa bunduki wa London walipewa hati ya chama chao mwaka 1637, wakawa na nyumba ya kujaribia bunduki. Mji wa Birmingham ukapata nyumba yake kwa sheria ya mwaka 1813. Ujerumani nayo ikaweka sheria ya namna hiyo mwaka 1891. Kasiba hutiwa baruti kupita kiasi cha desturi, ikapigwa watu wakiwa wamejikinga, kisha ikakaguliwa. Ikisalimika hupigwa chapa katika chuma. Kwa hiyo mtu anunuapo bunduki kuukuu, asitazame kwanza nakshi wala ung'avu. Atafute chapa hiyo, na asipoiona asitoe fedha.

Wako watakaosema, “Babu zetu walipiga magobore, wala hawakudhurika.” Kwanza, wako waliodhurika, ila waliosalimika ndio waliosimulia. Pili, bunduki nyingi za babu zetu hazikufuliwa vijijini. Zilikuja na misafara kutoka pwani, nazo zilitengenezwa katika miji kama Birmingham, na Liège huko Ubelgiji. Tena kukaa kwetu na gobore hakukuwa kwa kupenda tu. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na katika mapatano yao yakazuia bunduki za namna mpya kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoruhusiwa zilikuwa zile za gumegume zisizo na mikunjo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida. Basi gobore lilibaki kwetu hata baada ya wengine kuliacha, na mtu asilifanye kuwa urithi wa lazima.

Wala nisidhaniwe kwamba nawadharau wahunzi wetu. Barongo wa upande wa Geita walijua kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuri na kufua majembe, na majembe hayo yalilima mashamba ya Usukuma kabla majembe ya meli hayajafika. Hiyo ni elimu kubwa. Lakini jembe likivunjika hulirudisha kwa mhunzi, naye hulifua upya. Kasiba ikivunjika hakuna wa kumfua mtu upya. Yafaa mhunzi mwenye akili ajue mpaka wa kazi yake, kama mganga ajuavyo ugonjwa asioweza kuutibu.

Kwa nini basi nasifu bunduki ya risasi moja, na ziko bunduki zitiwazo risasi tano au zaidi? Nasifu kwa sababu ina vipande vichache, husafishika upesi, na ni rahisi kuona kama imetiwa risasi au haimo. Zaidi ya hayo humfundisha mtu subira. Ajuaye kwamba ana risasi moja hangoji bahati ya pili. Husogea karibu, hutazama kilicho nyuma ya mnyama, nyumba ya nani na njia ya nani, ndipo hulenga. Mnyama aliyejeruhiwa ovyo ovyo huwa hatari kwa kijiji kizima, na hasa kiboko.

Wala si silaha ya watu wasioweza kupata nyingine. Jeshi la Waingereza lilichukua bunduki ya Martini-Henry mwaka 1871, nayo ilitiwa risasi moja moja kwa kushusha wenzo ulio chini yake. Mwaka uliofuata, John Farquharson wa Scotland aliandikisha mtambo wake, na George Gibbs wa Bristol akatengeneza kwa mtambo huo bunduki zilizopendwa sana na wawindaji. Frederick Selous, aliyeuawa vitani Beho Beho karibu na Rufiji tarehe 4 Januari 1917 na kuzikwa huko huko, aliwinda kwa bunduki ya namna hiyo. Na huko Marekani, kampuni ya Ruger ilianza kuuza bunduki mpya ya risasi moja katika mwaka 1967, wakati bunduki za risasi nyingi zilipokuwa zimejaa madukani.

Sasa tuje kwenye mbao, ambapo mafundi wetu hawana haja ya kuona haya mbele ya mtu. Bunduki za kiwanda huchongwa kwa mtu wa kadiri, naye huyo mtu wa kadiri si wewe. Kitako kirefu hukwama katika nguo na kumfanya mtu anyooshe shingo. Kitako kifupi humgonga puani. Kipimo chake ni rahisi: kunja mkono wako wa kulia kama pembe ya mraba, kitako kikae penye kiwiko, na pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio. Kisha weka bunduki begani macho yakiwa yamefumbwa. Ukiyafumbua na jicho likawa limekaa sawa na shabaha, kitako chako ni chema.

Mbao ya mninga yafaa sana, kwa kuwa ikikauka vizuri haijikunji wala haisinyai sana. Mpingo ni mgumu na mzuri, lakini ni mzito mno. Mbao iliyonunuliwa iwe na kibali cha misitu, na ikaushwe kivulini: mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene ni kanuni ya kale ya maseremala, nayo ni njema, hasa kwetu tulio na hewa ya Ziwa na mvua za vuli na masika. Nyuzi za mbao zipite kwa urefu mahali pembamba pa kushikia, zisikate njia, ama sivyo patavunjika. Chuma kikae katika mbao kimeshikwa sawasawa pande zote. Mwisho pakwa mafuta ya kitani, kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kazi hiyo maseremala wa Nyakato, waliozoea milango, vitanda na vyombo vya mashua, wanaiweza bila shaka.

Lakini sheria itangulie randa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yataka kila bunduki iwe na leseni, na kutengeneza silaha bila idhini ni kosa, gobore likiwamo. Kwa hiyo kabla ya kubadili kitako, peleka shauri Polisi ya wilaya. Na kazi ifanyike mwenyewe ukiwapo, bunduki isilazwe karakanani hata usiku mmoja. Kadhalika, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila kibali. Leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Ni vitu viwili. Na aliye na gobore lisilo na leseni asilizike shambani wala asimpe mtoto alifiche. Aende kwa viongozi wa kijiji na Polisi aulize njia ya kulisalimisha. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza msamaha kwa waliosalimisha kwa hiari.

Mimi ni mwalimu wa kilimo, na kwangu bunduki ni neno la mwisho, si la kwanza. Limeni viazi mbali na njia za viboko, chimbeni mtaro wenye kingo za wima, lindeni kwa zamu, mkapeleke habari kwa askari wa wanyamapori mapema. Wanyama wakali wakiharibu shamba, andikeni hasara upesi katika ofisi ya kijiji, maana kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kufa. Na yule atakayebaki na haja ya bunduki baada ya hayo yote, na aweke akiba misimu miwili au mitatu ya pamba, anunue kasiba yenye chapa, kisha aje kwa seremala wetu na mbao yake ya mninga iliyokwisha kauka.