Mita mia kati ya mtoto na moshi

Mtoto anayekohoa akifikishwa kliniki, mzazi huulizwa maswali yale yale. Kikohozi kilianza lini? Ana homa? Amepata chanjo zote? Anakula vizuri? Ni maswali muhimu na kila mhudumu wa afya anafaa kuyauliza. Lakini kuna moja ambalo ni nadra kusikika: mtoto huyu anavuta hewa gani? Analala katika chumba kinachopikiwa kwa makaa? Darasa lake liko umbali gani kutoka barabara kuu?

Tunasisitiza swali hilo kwa sababu wanasayansi walishapima hewa ya Nairobi zaidi ya miaka 10 iliyopita na wakapata majibu ambayo hadi leo hayajamfikia mzazi wa kawaida.

Mnamo Julai 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na wenzao wa Kenya, wakiongozwa na Patrick Kinney, walipima hewa kando ya barabara za jiji hilo. Walichokuwa wakitafuta ni chembechembe zinazoitwa PM2.5. Hizi ni vumbi na masizi madogo mno hivi kwamba inabidi upange 20 au 30 kwa mstari ili zifikie upana wa unywele mmoja. Kwa sababu ya udogo huo, pua na koo haziwezi kuzizuia. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu, na nyingine hupenya na kuingia katika damu.

Katika njia ya waenda kwa miguu katikati ya jiji, mchana wa siku ya kazi, watafiti hao walipata mikrogramu 98 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Mashambani, mbali na magari, walipata karibu 11. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15. Vipimo vya Nairobi vilikuwa vya saa za mchana pekee, kwa hivyo havilinganishwi moja kwa moja na kiwango hicho. Hata hivyo, pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa.

Kipimo kinachomhusu zaidi mzazi, hata hivyo, ni kingine. Watafiti walipima hewa penye makutano makubwa ya barabara, kisha wakasogea kuelekea upande ambao upepo ulipeleka moshi. Karibu na barabara walipata mikrogramu 129. Mita 100 kutoka hapo, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 19. Huo ni urefu wa uwanja mmoja wa kandanda. Ndani ya umbali ambao mtoto anaukimbia kabla hajachoka, sehemu kubwa ya uchafu ule ilikuwa imetawanyika.

Uchafu wenyewe unatoka wapi? Samuel Gaita, Michael Gatari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walikusanya sampuli za hewa ya jiji hilo kati ya 2008 na 2010, wakazichunguza ili kujua asili yake. Katika matokeo waliyochapisha 2014, karibu asilimia 74 ya chembechembe hizo zilihusishwa na mambo mawili: magari na vumbi la ardhini. Yaani moshi wa matatu, malori na pikipiki, pamoja na vumbi. Haya ni mambo ambayo binadamu anaweza kuyapunguza.

Kwa nini tunamtaja mtoto kwanza? Mtoto wa miaka miwili hupumua karibu mara mbili ya mtu mzima kwa dakika moja. Kimo chake kinaweka pua yake karibu na ekzosi ya gari kuliko pua ya mama aliyemshika mkono. Na mapafu yake bado yanakua, kazi ambayo haimaliziki hadi anapokaribia utu uzima. Anachovuta leo kinaweza kuamua nguvu ya mapafu atakayokuwa nayo akiwa na miaka 40.

Gharama ya mzazi kukosa taarifa inajulikana. Jijini London, Uingereza, msichana Ella Kissi-Debrah aliishi karibu na barabara yenye msongamano mkubwa wa magari. Aliugua pumu kali na kulazwa hospitalini karibu mara 30 katika miaka mitatu. Alifariki Februari 2013 akiwa na umri wa miaka tisa. Mama yake alipigania ukweli kwa miaka mingi, na Desemba 2020 uchunguzi rasmi wa kifo hicho uliamua kwamba hewa chafu ilichangia. Uamuzi huo ulisema pia kwamba mama huyo hakupewa taarifa kuhusu hatari ya hewa hiyo, na kwamba angeipata angechukua hatua. Safari zote zile za hospitali, na hakuna aliyemwambia.

Kuna habari njema pia. Kusini mwa California, Marekani, watafiti waliwafuatilia maelfu ya watoto kuanzia 1993. Waligundua kwamba waliokulia penye hewa chafu walikuwa katika hatari zaidi ya kufika miaka 18 wakiwa na mapafu dhaifu. Kisha sheria zikakazwa na hewa ikaboreka. Ripoti ya 2015 ilionyesha kuwa watoto waliozaliwa baadaye, katika miji ile ile, walikuza mapafu yenye nguvu zaidi. Hewa ikisafishwa, mapafu ya watoto hufaidika.

Mzazi anaweza kufanya nini sasa? Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua njia ya kwenda shule inayopita nyuma ya nyumba badala ya kando ya barabara kuu, hata ikiongeza dakika tano. Mtoto asisubiri gari akiwa amesimama nyuma ya magari yanayounguruma. Pika mahali penye dirisha au mlango wazi, au nje kabisa, na mtoto asikae karibu na jiko. Usichome taka karibu na nyumba. Usilale na jiko la makaa chumbani hata wakati wa baridi kali: gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Barakoa ya kitambaa haizuii vizuri chembechembe hizi, kwa hivyo usiitegemee.

Mwenye pumu asiache dawa ya kuzuia ambayo daktari amemwandikia ati kwa sababu leo anajisikia vizuri, na inhela ya dharura iwe karibu naye kila mara. Mgonjwa wa moyo pia ajihadhari, maana chembechembe hizi huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Na hata tunapozungumzia hewa, tusisahau kwamba kikohozi kinaweza kuwa nimonia. Hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia kwa dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au mwenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, mpeleke kituo cha afya. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi ya buluu, au akishindwa kunyonya au kunywa, usingoje kesho.

Lakini si haki kumtwika mzazi mzigo wote. Mama anayeishi chumba kimoja kando ya barabara hawezi kuhamisha nyumba, na baba hawezi kuzima ekzosi za lori la mtu mwingine. Kenya ina Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014. Zitekelezwe. Kaunti zisiidhinishe shule ya chekechea au kliniki mpya kando ya barabara kuu kabla hewa ya hapo haijapimwa. Vifaa vya kupimia viwekwe kwenye shule, na matokeo yabandikwe langoni ambapo kila mzazi atayasoma. Na wahudumu wa afya waongeze swali moja tu kwenye orodha yao kila mtoto anayekohoa anapoletwa.

Wasipouliza, mzazi, anza wewe. Ukifika kliniki, mwambie daktari mnapikia nini, mnalala wapi na shule iko umbali gani kutoka barabarani. Huenda maelezo hayo ndiyo yatakayomsaidia kujua ni kwa nini kikohozi kinarudi kila dawa inapoisha.