Nani Aligundua Ngorongoro? Maoni Kuhusu Kitenzi Kimoja

Msomaji wa maandishi ya historia na utalii katika Kiswahili hukutana na sentensi mbili za umbo moja: kwamba Columbus aligundua Amerika mwaka 1492, na kwamba Oscar Baumann, mzaliwa wa Austria, aligundua kreta ya Ngorongoro mwezi Machi 1892. Kati ya matukio hayo mna miaka mia nne, lakini kitenzi ni kilekile. Maoni haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitenzi hicho hakifai, na kwamba kasoro yake si ya lugha tu.

Baumann alitoka Tanga mapema mwaka 1892 akitumwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa. Hakufika peke yake. Alifuatana na wapagazi na askari waliozungumza Kiswahili, ambao waliiona kreta siku ileile aliyoiona yeye. Hakuna anayewaita wagunduzi. Ndani ya kreta aliwakuta Wamaasai, tena katika msiba mkubwa. Sotoka ilikuwa imekwisha kuwaua ng'ombe wao, na ndui na njaa zikawamaliza watu. Hapa mfano wa Amerika unatufaa: mwaka 1520 ndui iliyoletwa na Wahispania iliwaangamiza wakazi wa Tenochtitlan kabla mji wao haujatekwa mwaka uliofuata. Pande zote mbili, mgeni aliiona nchi iliyokwisha kudhoofishwa, na aliyemfuata akaichukulia kuwa ndiyo hali yake ya asili. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu Siedentopf, Wajerumani, walikuwa wamekwisha kufungua mashamba ndani ya kreta.

Yuko atakayepinga kwamba Wamaasai nao walikuwa wageni, kwani Wadatoga waliwatangulia, na makaburi yao ya heshima yangalimo katika kreta. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayotuunga mkono. Kwa Wamaasai tunasema "walihamia" Ngorongoro. Kwa Wairaqw tunasema "walienea" Karatu kutoka Mbulu. Mzungu peke yake ndiye "aliyegundua". Kwa hiyo kitenzi hiki hakipimi nani alitangulia. Kinapima macho ya nani yanahesabika.

La ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe kina hekima zaidi ya waandishi wake. Katika kamusi za zamani, kugundua kulibeba pia maana ya kumfuma mtu ghafla, asipotarajia. Kwa maana hiyo Baumann aligundua kweli: aliwafuma watu katika njaa yao. Aidha, wasafiri wa aina yake tuliwaita "wapelelezi", neno tunalompa pia mtu anayechungulia siri za wengine kwa faida ya aliyemtuma. Neno hilo lina ukweli ambao "mgunduzi" anauficha.

Madhara yake yanaonekana. Nchi iliyogunduliwa hudhaniwa kuwa tupu, na nchi tupu haina mwenyewe wa kuulizwa. Mwaka 1959 Wamaasai waliotolewa Serengeti waliahidiwa kuishi katika Hifadhi ya Ngorongoro. Mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta wakaondolewa. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari; wakazi wengi na watetezi wao wanakanusha. Hatudai kwamba kitenzi ndicho kilichowahamisha. Tunadai kwamba mjadala huo unaendeshwa kwa msamiati unaomfanya mwenyeji aonekane kama mvamizi wa mandhari.

Tunapendekeza, basi, kwamba waandishi wa vitabu vya shule na wahariri wa kamusi waseme "alifika" au "aliiona", na wataje aliowakuta. Jina Oldupai, la mkonge-mwitu, lilipotoshwa na masikio ya kigeni likawa Olduvai, na sasa linarudishwa. Vitenzi navyo virudishwe. Wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone. Historia isiyomtaja mwenyeji haiwezi hata kuuliza kama alipona.