Hamlet Yupi Aliyesalitiwa?

Kila filamu mpya ya tamthilia ya Shakespeare inapotoka, hurudi lawama ileile kwamba mwongozaji ameisaliti kazi kwa kuipunguza au kuipeleka katika zama nyingine, kana kwamba uhawilishaji, yaani kuihamisha kazi ya jukwaani hadi kwenye filamu, televisheni au redio, ni kazi ya kunakili. Imani hiyo haina msingi, kwa sababu tamthilia za enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala Uingereza kuanzia 1558 hadi 1603, hazikuwa na umbo moja lisiloguswa.

Philip Henslowe, aliyemiliki majumba ya maonyesho jijini London, aliandika katika daftari lake la hesabu kwamba mwaka 1602 aliwalipa William Birde na Samuel Rowley pauni 4 ili waongeze sehemu mpya katika Doctor Faustus, ilhali mtunzi wake, Christopher Marlowe, alikwishafariki tangu 1593. Hamlet nayo ilichapishwa mwaka 1603, ikatoka tena muda mfupi baadaye ikiwa imerefuka karibu maradufu, kisha ikatoka mwaka 1623 ikiwa na tofauti nyingine. Kwa hiyo Laurence Olivier, alipowaondoa wahusika Rosencrantz, Guildenstern na Fortinbras katika filamu yake ya 1948, alifuata desturi ya jukwaa lenyewe, wakati Kenneth Branagh, anayesifiwa kwa kutokata chochote mwaka 1996, aliunganisha chapa mbili na kupata filamu ya takriban saa nne.

Wapo hata wanaochukizwa na bastola alizoziweka Baz Luhrmann mahali pa panga katika Romeo na Juliet yake ya 1996. Hoja hiyo ni ya aibu, kwani waigizaji wa Shakespeare walicheza habari za Warumi wakiwa wamevaa mavazi ya London, na katika Julius Caesar husikika saa ikigonga, chombo ambacho Roma ya kale haikukijua. Anayetaka uaminifu wa namna hiyo na adai pia Juliet aigizwe na mvulana, maana ndivyo ilivyokuwa.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba walalamikaji hao hawaitaji redio, ambayo kwa hakika ndiyo iliyo karibu zaidi na jukwaa la Globe, jumba la maonyesho la kundi la Shakespeare, ambako maonyesho yalifanyika mchana, chini ya anga wazi, na usiku, dhoruba au msitu vilijengwa kwa maneno tu. BBC ilitangaza Twelfth Night ya Shakespeare redioni mapema, mnamo Mei 1923. Afrika Mashariki, ambako mchezo wa redio umewahi kupendwa sana, zipo tafsiri alizozifanya Julius Nyerere katika miaka ya 1960, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, nazo zimeachwa zisomwe kimya kwa ajili ya mitihani. Watayarishaji wa vipindi wazichukue, wazikate kadiri muda wao unavyoruhusu, wazirushe hewani.