Kufeli CPA mara tatu si laana, tatizo ni kurudia makosa yale yale

WAPO vijana wengi maofisini ambao miezi ya Mei na Novemba kwao ni miezi ya homa. Ndiyo miezi ambayo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) huendesha mitihani yake, na miongoni mwa watahiniwa wamo wanaoingia chumbani kwa mara ya tatu, ya nne, hata ya tano, wakiitafuta CPA ile ile.

Nawafahamu kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nilibakiwa na somo moja tu, la kodi, nikalifeli mara tatu. Mara ya kwanza nilijipa moyo. Mara ya pili nilinyamaza. Mara ya tatu nilizima simu siku mbili nzima ili shangazi yangu, aliyenisomesha chuo kwa fedha za mahindi, asinipate. Aliponipata hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, shamba likinyima mavuno misimu mitatu, mkulima anabadili nini?"

Sikuwa na jibu, maana sikuwa nimebadili kitu. Nilikuwa nikipanda mbegu ile ile, kwenye udongo ule ule, huku nikilaumu mvua.

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo penye kiini cha matatizo ya wengi wetu. Tukifeli tunaongeza saa za kusoma, lakini hatujiulizi tunasoma nini na kwa namna gani.

Chukua mfano wa madaftari. Wengi hurudia mtihani wakitumia madaftari ya mwaka waliomaliza chuo, au waliyorithi kwa kaka zao. Lakini taaluma hii haisimami. Kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha ambayo hugusa kodi. Mwaka 2009, kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 18. Mwaka 2015 ikaanza kutumika sheria mpya kabisa ya kodi hiyo. Katika taarifa za fedha, kiwango cha IFRS 16 kilichoanza kutumika Januari 1, 2019 kinamtaka mpangaji aingize karibu mikataba yake yote ya upangaji kwenye mizania. Mtahiniwa anayejibu kwa kanuni za zamani anaweza kupiga hesabu vizuri kabisa na bado akakosa alama. Kabla ya kufungua kitabu, uliza kwanza ni sheria ya mwaka gani inayotahiniwa.

Jambo la pili ni muda. Mtihani wa saa tatu wenye alama 100 una dakika 180. Maana yake swali la alama 20 linastahili dakika 36, basi. Mimi nilikuwa natumia zaidi ya saa nzima kwenye swali la kwanza nikitafuta shilingi chache zilizokataa kuoana, kisha swali la mwisho naliacha jeupe. Hakuna msahihishaji anayeweza kutoa alama kwenye karatasi tupu. Nilipoanza kufanya mitihani iliyopita nyumbani, saa ikiwa mezani na kitabu kikiwa kimefungwa, ndipo nilipogundua ugonjwa wangu.

Tatu, soma taarifa za watahini. Humo wanaeleza makosa wanayokutana nayo: mtu ameulizwa ashauri, yeye anaorodhesha; ametakiwa aoneshe hatua za hesabu, yeye anaandika jibu peke yake. Nilipozisoma nilijiona kama kwenye kioo.

Wapo wanaosema dawa ni kulegeza mitihani. Sikubaliani nao. Sahihi ya mkaguzi ndiyo inayomwambia mwenye fedha kwamba hesabu anazooneshwa zinaaminika. Kampuni kubwa ya ukaguzi ya Arthur Andersen iliporomoka mwaka 2002 kutokana na kashfa ya mteja wake, Enron, na maelfu ya watu wakapoteza kazi na akiba zao. Hapa kwetu, mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika anayepeleka kahawa au korosho zake ghalani hana namna nyingine ya kujua kama makato yake ni halali, isipokuwa vitabu vilivyoandikwa sawasawa na kukaguliwa. Mtihani rahisi ungempa huyo mkulima mlinzi asiyeona.

Hata hivyo, ugumu wa mtihani usiwe kisingizio cha kumtupa anayeurudia. Waajiri wengi wanataka wahasibu wenye CPA, lakini hao hao wananyima likizo ya kusoma, na mwezi wa mtihani unaangukia kwenye lundo la kazi. Wiki mbili za likizo na mchango wa ada ni gharama ndogo kuliko kumtafuta mhasibu mwingine na kumfundisha kazi upya. Nao wazazi, wake na waume wapunguze swali la "lini unamaliza?" Anayefeli analijua swali hilo, hulala nalo kila usiku.

Na wewe unayesubiri matokeo, usiyasimamishe maisha. Bila CPA bado unaweza kutunza vitabu vya duka, Saccos au chama cha wakulima, na kazi hiyo itakufundisha mambo ambayo darasani huyapati. Nilielewa zuio la kodi siku nilipolikokotoa kwa mfanyabiashara wa kweli aliyekuwa amekaa mbele yangu akisubiri jibu.

Aidha, si dhambi kupumzika muhula mmoja, au hata kuamua kwamba njia hii si yako. Lakini uamuzi huo ufanye ukiwa umetulia, usiufanye jioni ya matokeo. Jiulize: nimeshajaribu kwa njia tofauti, au nimejaribu mara nyingi kwa njia moja? Kama ni hiyo ya pili, bado hujafika mwisho.

Mara ya nne nilifaulu, tena si kwa alama za kujivunia. Nilipompigia shangazi alikuwa shambani. Aliniuliza, "Ulibadili nini?" Safari hii nilikuwa na jibu, na nilimweleza hadi salio la simu likaisha.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi mwenye akili, kabla ya kushika koleo jingine, huliangalia kwanza lile la zamani ajue lilivunjikia wapi.