Runinga yakipa Kiayalandi hadhi, mzigo wabaki nyumbani

KITUO cha televisheni cha Teilifís na Gaeilge kilipoanza kurusha matangazo Oktoba 31, 1996, kutoka eneo la Connemara, magharibi mwa Ayalandi, wakosoaji walilalama kwamba fedha za umma zilikuwa zikitupwa. Nani angetazama runinga ya lugha inayokata roho?

Leo kituo hicho, kinachojulikana kama TG4 tangu 1999, kingali hewani kikipeperusha habari, michezo na vipindi vya watoto. Tamthilia yake, Ros na Rún, imedumu tangu mwaka huo wa 1996.

Ufanisi huu haukuwa zawadi ya serikali. Katiba ya 1937 ilitangaza Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza, na shule zikakifundisha. Hata hivyo, wakazi wa Gaeltacht, maeneo ambako lugha hiyo ndiyo ya jadi, waliwasha redio na kusikia Kiingereza karibu muda wote.

Mnamo 1970, wanaharakati wa Connemara walichoka kungoja, wakaanzisha redio yao bila leseni. Miaka miwili baadaye serikali ikazindua Raidió na Gaeltachta. Kwa mara ya kwanza, mvuvi wa kaskazini, Donegal, aliweza kusikiliza kila siku lahaja ya mwenzake wa kusini, Kerry, na kutambua kwamba ni ndugu wa lugha moja.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya utangazaji. Lugha iliyohusishwa na ufukara, hasa baada ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852, ilianza kusikika ikitangaza habari za dunia. Mnamo 2023, filamu ya An Cailín Ciúin, iliyofadhiliwa kwa mchango wa TG4, ikawa ya kwanza ya Kiayalandi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa.

Lakini hadhi ni kitu kimoja, matumizi ni kingine. Katika sensa ya 2022, takriban watu milioni 1.87 walisema wanakijua Kiayalandi, idadi iliyopanda kutoka milioni 1.76 mwaka 2016. Waliokizungumza kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968 pekee, ilhali 2016 walikuwa 73,803.

Takwimu hizo zinaonyesha taifa linaloionea fahari lugha lisiyoizungumza. Runinga yaweza kumfanya mtoto aone kwamba lugha ya nyanya yake si ya kuonewa haya. Haiwezi kumjengea mzazi wake nyumba Gaeltacht, wala kumpa kazi itakayomzuia kuhamia Dublin.

Wanaharakati wa 1970 walidai sauti, wakaipata. Dai la wajukuu wao ni zito zaidi: kubaki katika vijiji ambako sauti hiyo ilizaliwa. Wakikosa nafasi hiyo, TG4 itaendelea kutangaza, ila wanaoijibu kwa lugha yake sebuleni watazidi kupungua.