Mzazi naye ni shahidi

Mtoto wa chekechea anapokaa kimya mbele ya mwalimu, ni rahisi kuandikwa kuwa mzito wa akili. Mama akipinga kwamba mwanawe nyumbani ni msemaji, hudhaniwa kuwa mapenzi yamempofusha. Je, ni nani anayemjua mtoto: mzazi au mtaalamu?

Swali hili si geni katika Bonde la Ufa. Katika miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness, watafiti kutoka Marekani, waliishi miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet, katika nyanda za juu zilizo magharibi mwa Nakuru. Waliona kwamba watoto wa huko waliketi na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, kwa kuwa mama zao waliwafunza makusudi. Lakini mtoto alipotakiwa kumsimulia mtu mzima asiyemzoea hadithi aliyotoka kuisikia, mara nyingi alinyamaza. Je, alikuwa mpumbavu? La hasha! Alikuwa amelelewa kusikiliza na kutii mbele ya wakubwa. Wazazi walikuwa na neno lao, ng'om, la kumsifia mtoto mwerevu, nao walitofautisha werevu wa nyumbani na ule wa shuleni. Wa nyumbani ni yule aonaye kazi akaifanya bila kusimamiwa. Sifa hiyo haina nafasi katika karatasi ya mpimaji.

Kwangu mimi mwanaisimu, jambo zito zaidi ni lugha. Mtoto wa Molo au Njoro aliyelelewa kwa Kikalenjin au Kikuyu akiulizwa kwa Kiingereza, kinachopimwa ni Kiingereza, wala si ukuaji wake. Katherine Alcock na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti uliofanywa pwani ya Kenya, ambamo wazazi wasiojua kusoma waliulizwa ana kwa ana maneno ambayo watoto wao huyajua kwa Kiswahili na Kigiriama. Majibu yao yalithibitika kuwa ya kutegemewa.

Hata hivyo, tusimvike mzazi kilemba asichostahili. Kauli kwamba "hata baba yake alichelewa kusema" yaweza kuficha uziwi, na kila mwezi unaopotea huzidi kumnyima mtoto lugha. Hapo mtaalamu na vifaa vyake hana badala.

Kwa hiyo, nawasihi walimu na wanafunzi wa ualimu: kabla ya kuandika hukumu, mwulizeni mzazi. Mtoto husema nini, kwa lugha ipi, na hutumwa wapi akarejea salama? Shaka ikibaki, mpelekeni katika kituo cha upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivyo vilianzishwa nchini mwaka 1984. Mtaalamu humwona mtoto kwa saa moja, mzazi humwona kila siku. Ushahidi wa mmoja bila wa mwenziwe ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo yaweza kumgharimu mtoto maisha yake yote ya shule.