Gari Lililolala Halina Deni la Barabara

Ukitoka Nakuru mjini ukashika njia ya Njoro, ukapanda hadi Elburgon na Molo, huwezi kukosa kuliona. Liko nyuma ya nyumba chini ya turubai lililochanika, au limekalishwa juu ya mawe na magurudumu yake yamefungiwa stoo. Huenda ni pikapu ya mkulima wa viazi anayengoja msimu. Huenda ni matatu iliyokufa injini, na mwenyewe bado anachanga pesa za kununua nyingine. Huenda ni gari la marehemu ambalo jamaa zake hawajamaliza kesi ya urithi. Gari kama hilo halijafa. Limelala, na mwenyewe anatarajia siku moja kuliamsha.

Tunauliza leo: gari lililolala linadaiwa nini na Serikali? Ni swali la uani, lakini ndani yake mna jambo linalomhusu kila raia, awe na gari au asiwe nalo. Je, mwananchi hutozwa kwa sababu ametumia mali ya umma, au hutozwa kwa sababu tu ameonekana ana kitu?

Na tuanze na bima, maana hapo sheria yetu ina busara ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Bima ya Magari kwa Madhara ya Mtu wa Tatu, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, haimwamuru mtu akatie bima kila chuma alicho nacho. Inamkataza kulitumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, pasipo bima ya kumkinga mtu wa tatu: mpita njia, mwendesha baiskeli, mtoto anayevuka kwenda shuleni. Msingi wake ni matumizi na barabara. Gari lililofungiwa uani halimgongi mtu, na kwa hiyo sheria hiyo hailisumbui.

Sheria hiyo tunaiunga mkono bila kigugumizi, na hapa tuna neno la kuwaambia wenye magari wenzetu. Wapo wanaoacha bima iishe kwa kuwa gari limelala, kisha Jumamosi moja wakaliamsha kulipeleka kwa fundi, wakisema, “Ni hapa tu, sifiki mbali.” Hapo tu ndipo watoto wa watu hugongwa. Mwenye gari asipokuwa na bima, na mwenyewe hana kitu, familia ya aliyeumia hubaki na hukumu ya mahakama mkononi na njaa nyumbani. Wala neno barabara katika sheria zetu halina maana ya lami peke yake: linaingiza hata njia na mahali pa kuegesha magari panapofikiwa na umma. Aliyeliacha gari lake mbele ya gereji, kando ya njia wanayopita watu, asijidanganye kwamba liko uani kwake.

Sasa tuje kwenye kodi. Kwa miaka mingi kila mwenye gari alilipia leseni ya barabara mwaka hadi mwaka, akabandika karatasi yake kwenye kioo cha mbele. Leseni hiyo haikuuliza gari limetembea maili ngapi. Lori lililokwenda Malaba na kurudi kila wiki, na pikapu iliyotoka mara mbili kwa mwezi kupeleka mahindi kinuni, yote mawili yalihesabiwa kwa mwaka. Mwaka wa 1993 Bunge lilipitisha sheria ya tozo ya mafuta kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Hatimaye, katika bajeti ya Juni 2006, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Bwana Amos Kimunya, akaifuta leseni ya barabara na kuongeza tozo ya mafuta kwa shilingi 3.20 kwa lita.

Tuielewe vizuri hatua hiyo, kwa sababu lilikuwa agano. Mwananchi aliambiwa: hutalipa tena kwa kuwa na gari, utalipa kwa kadiri unavyolitembeza. Anayeichakaza barabara zaidi hununua mafuta zaidi, naye hulipa zaidi. Gari lililolala halinywi mafuta, kwa hiyo halilipi. Watanzania nao walifika huko mwaka wa 2017, pale Waziri wao wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alipoifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuhamishia mzigo huo kwenye mafuta. Alisamehe pia madeni ya nyuma, yakiwemo ya magari yaliyokuwa yamesimama miaka mingi huku deni likizidi kupanda.

Agano hilo ndilo lililojaribiwa mwezi wa Mei 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulileta kodi mpya ya magari: asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi shilingi 100,000. Na ingelipwa wapi? Dirishani pa bima. Kila anayekata bima angekatwa kodi hapo hapo, na kampuni ya bima ingegeuzwa mtoza ushuru.

Tupige hesabu pamoja. Pikapu kuukuu ya thamani ya shilingi 100,000, iliyolala Olenguruone, ingedaiwa 5,000, yaani asilimia 5 ya thamani yake. Gari la kifahari la shilingi milioni 10 lingedaiwa 100,000, yaani asilimia 1. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, lakini hapa pembamba palitafutwa makusudi pakawekewa kisu. Magari ya Serikali Kuu na ya kaunti, yasiyolala usiku wala mchana, mswada uliyaondoa katika orodha ya walipaji.

Lililotuudhi zaidi ni hili. Mtu mwangalifu ambaye gari lake limesimama, naye akalikatia bima ya moto na wizi asije akaamka asubuhi akakuta mawe matupu, angetozwa kodi kwa uangalifu wake. Na yule aliye barabarani akibanwa na karo za shule, angejaribiwa kuikwepa bima yenyewe ili aikwepe kodi. Kodi inayomfukuza mtu kutoka kwenye bima inamchukulia fidia mtoto atakayegongwa kesho.

Kodi hiyo iliondolewa kwenye mswada. Tarehe 18 Juni 2024 aliyetangaza kuondolewa kwake alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa, Bwana Kuria Kimani, Mbunge wa Molo, wa hapa hapa kwetu. Hata hivyo tusisahau ni nini kilichoiondoa. Haikuwa hisani. Vijana walijaa barabarani katika miji mingi, Nakuru ikiwamo. Tarehe 25 Juni damu ikamwagika. Na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi mswada mzima. Mwezi uliofuata tozo ya matengenezo ya barabara ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba wenye magari hawazilipii barabara. Wanazilipia kila wanapofungua kifuniko cha tangi. Wala tusilale tukidhani mambo yamekwisha: kodi ya namna hiyo ilikuwa imeandikwa katika Mkakati wa Mapato wa Muda wa Kati uliotayarishwa na Hazina ya Taifa, na wazo lililokwisha kuandikwa halikosi siku ya kurudi.

Liko jambo lingine ambalo wenye matatu na malori wanalijua kuliko sisi, nalo ni kodi ya awali. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliipandisha. Gari la abiria likatozwa shilingi 100 kwa kila kiti kwa mwezi, badala ya 60 za awali, au shilingi 5,000 kwa mwaka, kiasi chochote kilicho kikubwa. Lori likatozwa shilingi 2,500 kwa kila tani kwa mwaka, badala ya 1,500. Matatu ya abiria 14 ikafikia shilingi 16,800 kwa mwaka. Tunaambiwa hii si kodi ya mwisho, kwamba hupunguzwa kutoka kwa kodi ya mapato ya mwaka. Ni kweli. Lakini ambaye gari lake lililala miezi minane hana mapato ya kutozwa kodi. Basi atapunguziwa kutoka wapi? Hesabu hiyo inatazama viti, tani na miezi. Siku ya kulala haimo.

Na mara ngapi gari limelala kwa amri ya Serikali yenyewe? Tarehe 1 Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kufanya kazi, matatu zisizo na mikanda na vidhibiti mwendo ziliegeshwa nyumbani. Kanuni zile ziliokoa maisha, hatuzilaumu. Lakini aliyekuwa amekwisha kulipia leseni ya mwaka alilipia barabara asiyoruhusiwa kuikanyaga. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, Nairobi na viunga vyake vilifungwa kuanzia tarehe 6 Aprili hadi 7 Julai, na magari yetu ya Nakuru kwenda Nairobi yakasimama miezi mitatu. Mwaka uliofuata zamu ikawa yetu: Nakuru ilitiwa katika ukanda wa kaunti tano zilizofungwa kuanzia mwisho wa Machi hadi tarehe 1 Mei 2021, na njia za kwenda Eldoret, Kericho na Nyahururu zikakatika. Mkono mmoja wa Serikali ukisimamisha gari, haifai mkono wa pili uendelee kulihesabia miezi.

Tunajua jibu tutakalopewa. Tutaambiwa kwamba Wakenya ni wajanja. Kwamba ukiwaruhusu kusema magari yao yamelala, nusu ya matatu za Rongai na Gilgil zitalala kwenye karatasi huku zikibeba abiria mchana kutwa. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini dawa ya mwongo ni kumwadhibu mwongo, si kumtoza kila mtu kana kwamba ni mwongo. Tazameni Uingereza. Huko tangu mwaka 1998 mwenye gari asiyelilipia kodi hutakiwa kuiarifu mamlaka kwamba halitumiki barabarani. Akishaarifu, halilipii kodi ya barabara, na tangu 2011, sheria ilipoanza kudai kila gari liwe na bima wakati wote, taarifa hiyo humwondolea pia sharti hilo. Lakini gari hilo likikutwa barabarani, mwenyewe hushtakiwa. Neno la raia huaminiwa, na anayelivunja hulilipia.

Kwa hiyo sisi tunadai mambo manne, nayo tunayaweka mbele ya wabunge wetu wote wa Nakuru bila kujali chama.

Kwanza, iwepo njia moja iliyo wazi, isiyo na malipo, inayojulikana hata Kuresoi na Mau Narok, ya mwenye gari kutangaza kwamba gari lake limelala. Na siku anapolitangaza, malipo yote ya lazima yanayohesabiwa kwa mwezi au mwaka yasimame. Anapoliamsha, aruhusiwe kulipeleka kwenye ukaguzi kwa bima ya muda mfupi, asilazimike kuiba safari.

Pili, kodi ya awali ihesabiwe kwa miezi ambayo gari limefanya kazi. Na gari likisimamishwa kwa amri ya Serikali, hesabu isimame siku hiyo hiyo bila mwenyewe kwenda kuomba.

Tatu, bima ibaki kuwa bima. Isifanywe tena chambo cha kuvulia kodi.

Nne, atakayetangaza gari limelala kisha akalitembeza, akamatwe na kuadhibiwa pasipo huruma, awe mwenye pikapu moja au mwenye malori arobaini. Tukidai haki kwa mwenye gari, hatuwezi kumsahau anayetembea kwa miguu.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Hayo hayakuandikwa na malaika. Yaliandikwa kwa sababu watu wa nchi hii walikataa kutawaliwa na sauti moja, na wengine wakalipa kwa vifungo na kwa maisha yao. Haki hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mambo makubwa ya Ikulu peke yake. Iliwekwa pia kwa ajili ya mjane wa Elburgon aliyeachiwa pikapu juu ya mawe, asiyejua kama ni urithi alioachiwa au ni deni.

Basi mswada wa fedha utakapochapishwa tena, tusingoje kuusoma katika risiti. Tuuombe, tuusome barazani, tuulizane: hiki wanachotoza, tumekitumia? Ikiwa hatukukitumia, na tuseme hapana mapema, kwa barua na kwa sauti, kabla ya siku ya kuja kukisema barabarani.